Je, Kisichoonekana Hakipo?

Fundisho juu ya makundi ya galaksi, na juu ya kumshuhudia jirani kwa haki

Usiku usio na mwezi, mvua ikiisha kunyesha na moshi wa mafiga ukiisha kutawanyika, mbingu juu ya vilima vya Butembo hujaa nyota. Mkulima atokaye shamba huinua macho kidogo, kisha huingia nyumbani kula ugali wake na sombe. Wengi hawaulizi zaidi. Lakini mwenye akili huuliza, wala kuuliza si dhambi. Maana akili ni kipaji, na kipaji kisichotumiwa huota kutu kama jembe lililoachwa nje.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mzee mmoja wa kijiji kilicho kando ya njia iendayo Beni. Mzee huyu ni mkatekumeni. Mjukuu wake asoma shule ya sekondari mjini Butembo. Kijana amerudi likizo, nao wameketi uani baada ya chakula.

“Babu,” asema kijana, “mwalimu ametufundisha ya kwamba sehemu kubwa ya vitu vilivyo mbinguni haionekani kabisa, hata kwa darubini kubwa kuliko zote.”

“Mjukuu wangu,” ajibu mzee, “kama haionekani, huyo mwalimu ameijuaje?”

Kabla kijana hajajibu, jirani aliyekuwa akisikiliza penye ua akaingia neno. Ikumbukwe kwamba juma lile mtoto mmoja amekufa pale kijijini, na watu wananong’ona ya kuwa mama mmoja mjane, akaaye mwisho wa migomba, ndiye aliyemla. Jirani akasema: “Mwasikia, mzee! Wasomi wenyewe wakiri kwamba yako mambo yenye nguvu yasiyoonekana. Basi mbona katekista atukataza kusema habari za yule mama?”

Mzee akanyamaza, kwa sababu maneno yale yalikuwa kama mtego uliotegwa vizuri. Akisema, “Kisichoonekana hakipo,” anamkana mwalimu wa mjukuu wake, na hata sala yake mwenyewe ya asubuhi yageuka kuwa kelele. Akisema, “Kisichoonekana kipo,” huenda kesho mjane akafukuzwa kwa mawe. Jibu la ulizo hili lipo, lakini halipatikani kwa haraka. Lataka kwanza kujua wasomi wameona nini, na wamesema nini.

I. Galaksi na makundi yake

Nuru hukimbia kilometa 300,000 kwa nukta moja ya saa. Kwa nukta hiyo moja ingeweza kuizunguka dunia yote mara saba na zaidi. Nuru ya jua hutumia dakika 8 hivi kufika duniani. Mwendo wa nuru katika mwaka mzima ndio wasomi wanaouita mwaka wa nuru, nao ndio kipimo chao cha njia za mbinguni, kama vile msafiri apimavyo njia kwa siku za kutembea.

Nyota zote zionekanazo kwa macho matupu, moja moja, ni za jamaa moja kubwa. Jamaa hiyo ina nyota zaidi ya milioni elfu mia, na jua ni moja tu kati yake. Ule ukanda mweupe upitao katikati ya mbingu, kama moshi mwembamba, ni nuru ya nyota hizo zilizo mbali zikichanganyika. Jamaa ya nyota namna hiyo huitwa galaksi.

Ziko galaksi nyingine. Iliyo kubwa kati ya zile za jirani huitwa Andromeda. Katika miezi ya Novemba na Desemba, usiku wenye giza safi, mtu wa Beni aweza kuiona upande wa kaskazini kama kipande kidogo cha wingu. Nuru yake imesafiri miaka milioni mbili na nusu.

Tena galaksi hazikai ovyo. Kama vile nyumba hufanya kijiji na vijiji hufanya eneo, galaksi hukusanyika katika makundi. Msomaji asichanganye makundi haya na Kilimia, ambacho wakulima hukifahamu tangu zamani kwa majira yake: Kilimia ni nyota chache za galaksi hii hii, nazo ni jirani sana. Kundi la galaksi ni jambo jingine. Mojawapo huitwa Coma. Mwezi wa Mei, kama saa tatu za usiku, mahali pake huwa juu upande wa kaskazini, lakini jicho tupu halioni kitu pale. Darubini huona galaksi zaidi ya elfu moja. Nuru inayofika kutoka huko leo iliondoka yapata miaka milioni 320 iliyopita, wakati hapakuwa bado na mtu hata mmoja duniani.

II. Mzigo uliofichwa

Mwaka 1933 msomi wa Uswisi aliyekuwa akifundisha Marekani, jina lake Fritz Zwicky, alitazama mwendo wa galaksi za kundi hilo la Coma. Akaona jambo la kushangaza. Galaksi zile zilikuwa zikienda kwa kasi kubwa mno, kama kilometa elfu moja kwa kila nukta.

Kwa nini jambo hilo lishangaze? Mtoto afungaye jiwe kwa kamba na kulizungusha juu ya kichwa ajua kwamba jiwe halirukii mbali, kwa sababu kamba inalizuia. Akizidisha kasi, kamba lazima iwe na nguvu zaidi, ama sivyo itakatika. Huko mbinguni hakuna kamba. Kinachozuia galaksi zisitawanyike ni mvutano, yaani ile nguvu ambayo kila kitu chenye uzito hukivutia kitu kingine, na ambayo huliangusha embe chini. Zwicky alihesabu nuru ya galaksi zote za kundi, akakadiria uzito wake, kisha akaona kwamba uzito huo hautoshi hata kidogo. Kwa kasi ile kundi lingekuwa limetawanyika zamani sana. Lakini halikutawanyika. Basi akasema: lazima pawepo uzito mwingine, usiotoa nuru. Uzito huo ukaitwa maada ya giza.

Katika barabara za Butembo hupita vijana wakisukuma chukudu zao za mbao. Mtu asimamaye mbali haoni kilichomo ndani ya magunia. Lakini akiona magurudumu yamezama katika udongo, na vijana watatu wakitoka jasho mlimani, hasemi kwamba magunia yana manyoya ya kuku. Hajui kama ni viazi, ama saruji, ama chumvi. Lakini kwamba ni mzigo mzito, hilo alijua. Hivyo ndivyo alivyosema Zwicky: alitaja uzito, hakutaja kilichomo guniani.

Na watu wa Beni wana mfano mwingine karibu zaidi. Mlima Ruwenzori, ambao kilele chake kina meta 5,109, hujifunika mawingu siku nyingi za mwaka. Wageni wa Ulaya walikuwa wakizunguka nchi hizi bila kujua kwamba upo mlima wenye theluji, mpaka Stanley alipouona mwaka 1888. Wenyeji walikuwa wakiujua tangu zamani, na hata siku za mawingu hawakuusahau. Maana mito kama Butahu haikuacha kushuka kutoka huko na kuingia Semliki. Mto ni shahidi wa mlima. Lakini mto husema tu, “Huko juu ipo maji.” Hausemi mlima una umbo gani. Kwa umbo yapasa kungoja wingu litoke.

III. Jicho lililorushwa kutoka Malindi

Wingu moja lilitoka mwaka 1970, na jambo hilo lilitendeka pwani ya nchi ya Waswahili wenyewe. Karibu na Malindi, katika bahari ya Kenya, Waitalia walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma ya kurushia vyombo vya angani. Mahali pale palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia husaidia kukirusha chombo. Ni mstari uleule wa ikweta upitao karibu na Butembo. Tarehe 12 Desemba 1970 kikarushwa kutoka pale chombo cha Wamarekani cha kutazamia mbingu. Siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala; kwa heshima ya siku hiyo chombo kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru hakikutazama nuru hii ya kawaida. Kilitazama mionzi ya eksirei, namna ile ile itumiwayo hospitalini kupiga picha ya mifupa. Mionzi hiyo ikitoka mbinguni haifiki chini, kwa sababu hewa huizuia. Ndiyo maana ilibidi jicho lipandishwe juu ya hewa. Na jicho hilo lilipotazama makundi ya galaksi, likiwamo lile la Coma, liliona kwamba mahali palipodhaniwa kuwa patupu, kati ya galaksi na galaksi, hutoka mionzi mingi. Wasomi wakafahamu kwamba pamejaa hewa nyembamba sana, yenye moto wa nyuzi milioni nyingi; katika Coma hukaribia milioni mia moja. Hewa hiyo ikipimwa yote, uzito wake wazidi uzito wa nyota zote za kundi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya mionzi ya mbinguni, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hapa kuna mafundisho mawili. La kwanza: sehemu ya uzito ambao Zwicky hakuuona haikuwa fumbo, ilikuwa hewa tu iliyongoja jicho lifaalo. La pili: hata hewa hiyo ikiongezwa katika hesabu, uzito bado hautoshi. Kwa hesabu za leo, kama sehemu nane katika kumi za uzito wa kundi kubwa la galaksi ni maada ya giza.

Mwaka 2006 wasomi walionyesha ushuhuda mwingine. Walitazama makundi mawili ya mbali sana yaliyogongana na kupitana. Hewa za moto za makundi hayo zilizuiana zikabaki katikati. Kisha wakapima mahali uzito mkubwa ulipo, kwa kutazama jinsi nuru ya galaksi za nyuma inavyopindwa, kama vile maandishi hupindika yakitazamwa kupitia kitako cha chupa. Uzito mkubwa haukuwa pale penye hewa. Ulikuwa umekwisha kupita mbele, pamoja na galaksi, ingawa haukuonekana.

Lakini maada hiyo ni kitu gani hasa? Maabara nyingi zimejengwa chini sana ya ardhi ili kuinasa hata chembe moja, na mpaka leo hakuna iliyoinasa kwa hakika. Wako pia wasomi wachache wasemao kwamba pengine hakuna maada hiyo, bali sheria ya mvutano yataka kusahihishwa. Mordehai Milgrom alitoa shauri hilo mwaka 1983. Wenzake walio wengi hawakubaliani naye, na makundi ya galaksi ndiyo mahali shauri lake hupata shida sana. Hata hivyo hakufukuzwa. Maneno yake yalipigwa chapa, yakasomwa, yakapimwa.

IV. Tofauti kati ya msomi na mnong’onaji

Sasa mzee aweza kumrudia jirani yake. Jirani alisema, “Wasomi waamini kisichoonekana, nami naamini kisichoonekana, basi sisi ni sawa.” Je, ni sawa? Yapimwe mambo manne.

Jambo la kwanza ni alama. Zwicky alionyesha mwendo wa galaksi, na mtu yeyote mwenye darubini, awe rafiki yake ama mshindani wake, aliweza kuupima upya. Mnong’onaji huonyesha nini? Kwamba mjane ana macho mekundu? Macho ya kila mama apikaye kwa kuni mbichi ni mekundu. Kwamba alipita karibu na nyumba ya mtoto? Ndiyo njia yake ya kwenda kisimani. Alama iwapatayo watu wote haimshuhudii mmoja.

Jambo la pili ni kukubali kusahihishwa. Hesabu ya kwanza ya Zwicky ilizidi kiasi, kwa sababu umbali wa galaksi ulikuwa haujapimwa vema wakati ule. Wengine waliisahihisha, na elimu haikufa, ilipata nguvu. Lakini neno la uchawi halikubali kusahihishwa kamwe. Mjane akilia, husemwa, “Analia kwa unafiki.” Asipolia, husemwa, “Tazama, hana huzuni.” Akikana, ni mwongo; akikiri kwa kuogopa fimbo, ni mchawi. Neno lisiloweza kuonekana kuwa la uongo kwa njia yoyote haliwezi pia kuthibitika kuwa la kweli.

Jambo la tatu ni kiasi cha usemi. Msomi husema, “Uzito upo, ni wa kitu gani, sijui.” Hutaja gunia, hataji kilichomo. Mnong’onaji hajui mtoto amekufa kwa ugonjwa gani, lakini amekwisha kujua jina la aliyemwua. Ameruka mto mahali pasipo na daraja.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo si la elimu ya nyota, ni la haki. Zwicky akikosea, hakuna galaksi italala njaa. Kosa lake litafutwa kwa kalamu. Jirani akikosea, mama mmoja atalala porini, nyumba yake itachomwa, na pengine atakufa. Na kosa hilo halifutiki. Kwa hiyo kadiri madhara ya kosa yalivyo makubwa, ndivyo ushuhuda upasavyo kuwa mzito. Hata hivyo wanadamu hufanya kinyume: kwa jambo la mbali lisilomdhuru mtu wataka ushuhuda wa miaka tisini, na kwa maisha ya jirani watosheka na neno la kisimani.

V. Kosa la upande wa pili

Msomaji asidhani kwamba hatari ni moja tu, ya kuamini upesi. Iko hatari ya pili, ya kukataa upesi. Na watu wa Beni na Butembo wameijua kwa machozi.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina, wilayani Beni. Kisha ugonjwa ukaenea Beni, Butembo na Katwa. Virusi vya Ebola havionekani kwa jicho. Hata hadubini ya kawaida haivioni. Wengi wakasema, “Ebola haipo. Ni biashara ya watu.” Si kwamba walikosa akili. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi walikuwa wamechinjwa vijijini Beni, nao walikuwa wamelilia msaada bila kuupata. Basi walipoona magari mengi yakija kwa ajili ya ugonjwa wasiouona, wakashuku. Shaka ile ilikuwa na sababu zake, na asiyezisikiliza hana haki ya kuwacheka.

Lakini ugonjwa haukungoja shaka iishe. Alama zake zilikuwa wazi kwa kila mwenye kuzipima: aliyeosha maiti aliugua, aliyemwuguza mgonjwa kwa mikono mitupu aliugua, waliochanjwa walikingwa kwa wingi. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule mganga kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa mjini Butembo akiwa kazini. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameupata, na 2,287 walikuwa wamekufa.

Basi kusema “sikuoni, kwa hiyo hupo” kwaweza kuua kama vile kusema “sioni, lakini najua ni yule mama.” Na makosa haya mawili ni ndugu, hata kama yaonekana kupingana. Yote mawili hukataa kazi ya kupima. Mmoja huamini bila kupima; mwingine hukana bila kupima. Wote wawili wataka jibu lije kabla ya jua kuchwa.

VI. Na imani je?

Hapo mkatekumeni aweza kufurahi na kusema: “Kumbe hata wasomi wana vitu visivyoonekana! Basi maada ya giza ni ushahidi wa Mungu.” Asiseme hivyo. Kuna padre aliyeonya juu ya furaha ya namna hii, naye aliijua mbingu kuliko wengi.

Padre Georges Lemaître alikuwa Mbelgiji, aliyepata upadre mwaka 1923 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 alionyesha kwa hesabu kwamba galaksi zaachana kwa sababu ulimwengu wenyewe wapanuka. Na mwaka 1931 akatoa wazo kwamba ulimwengu ulianza kama chembe moja iliyopasuka. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pius wa Kumi na Mbili alisema mbele ya wataalamu kwamba elimu hiyo mpya yaelekea kushuhudia kazi ya Muumba. Wengi wangefikiri kwamba Lemaître alishangilia. Hakushangilia. Yeye alishikilia kwamba hesabu zake ni za elimu ya viumbe tu. Zisimame ama zianguke kwa vipimo, wala zisitumiwe kumthibitisha Mungu ama kumkana.

Kwa nini alisema hivyo, naye ni padre? Kwa sababu Mungu si uzito uliopungua katika hesabu. Atakayeiweka imani yake juu ya kisichojulikana leo, ataiona ikitikisika kesho kikijulikana. Ingekuwa hivyo kwa mtu aliyesema mwaka 1969, “Patupu pale kati ya galaksi ndipo akaapo Mungu”; miaka michache baadaye chombo Uhuru kingemwonyesha kwamba pamejaa hewa ya moto. Mungu wa Wakristo hakai penye pengo la elimu. Yeye ni Muumba wa kinachoonekana na kisichoonekana, wa kinachojulikana na kisichojulikana bado. Wazee wa Kinande walimwita Nyamuhanga, yaani Muumba, kabla ya kusikia habari za darubini.

Tena imani huelekea kwa Mtu mwenye kuaminiwa, si kwa kipande cha maada. Nayo ina alama yake ya kupimwa: si ukubwa wa maneno ya mwamini, bali jinsi atendavyo kwa mwenye njaa, kwa mgonjwa, na kwa mjane akaaye mwisho wa migomba.

VII. Neno la mzee

Turudi uani. Jirani angali akingoja jibu. Mzee asema hivi:

“Ndugu yangu, mjukuu wangu amenieleza. Wale wasomi walipokosa kuelewa, walitengeneza jicho jipya. Sisi tulipokosa kuelewa, tulitafuta mtu wa kumpiga. Mtoto wetu alikuwa na homa siku tatu. Nani alimpeleka kwa muuguzi? Si wewe, wala si mimi. Labda hilo ndilo tusilotaka kuliona.”

Jirani akainama, kwa sababu mtoto yule alikuwa wa dada yake. Maneno haya yalikuwa mazito, naye mzee hakuyasema kwa kumkomoa. Aliyasema akiwa ndani yake. Maana katika misiba mingi mchawi hutafutwa ili kisitajwe kitu kingine: safari ya zahanati iliyoahirishwa, fedha zilizokosekana, ugomvi wa ndugu. Kilichofichika mara nyingi si uchawi, bali ni huzuni iliyokosa mahali pa kulia.

Asubuhi yake mzee alichukua mkungu mdogo wa ndizi, akaenda nao kwa mjane, akaketi mlangoni pake mpaka watu wote waendao kisimani wakamwona. Hakuhubiri. Kijana alimfuata, na baadaye kidogo jirani naye akapita, akasimama, akamwamkia yule mama kwa jina la heshima kama zamani.

Maulizo ya kukumbuka

1. Kundi la galaksi ni nini, nalo latofautianaje na Kilimia?
Jibu: Kundi la galaksi ni mkusanyiko wa jamaa kubwa za nyota, kila jamaa ina nyota maelfu ya milioni. Kilimia ni nyota chache tu za galaksi hii yetu.

2. Wasomi wamejuaje kwamba iko maada isiyoonekana?
Jibu: Kwa alama zake: mwendo wa galaksi, na kupindika kwa nuru ipitayo karibu na kundi. Uzito waujua, maada yenyewe ni nini, bado hawajui.

3. Je, mtu aweza kusadiki jambo asiloliona?
Jibu: Aweza, kama alama zake zimepimwa, na kama yu tayari kusahihishwa.

4. Je, aweza kumshtaki mwenzake kwa jambo lisiloonekana wala kupimika?
Jibu: Hawezi kamwe. Ni kumshuhudia jirani uongo, na madhara yake hayarudi nyuma.

5. Ulizo la kujibu kila mmoja moyoni mwake: Katika kijiji chako, ni nani ambaye watu hawamwamkii tena, na kwa ushuhuda gani?